Mafua Madarasani Katika Baridi ya Ufipa

Uwanda wa Ufipa, ambao mji wa Sumbawanga umejengwa juu yake katika kimo cha takriban meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, huwa na baridi kali kati ya Juni na Agosti, kipindi ambacho madirisha ya madarasa hufungwa tangu kengele ya asubuhi huku wanafunzi wakibanana madawatini. Baridi yenyewe haizai mafua. Kinachoyaleta ni virusi, yaani vimelea vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutoka na matone ya mate na makamasi mtoto anapokohoa au kupiga chafya na, hewa isipobadilika, humfikia jirani yake kwa urahisi.

Homa ya mafua, ambayo ni kali kuliko mafua ya kawaida, huweza kuambukizwa siku moja kabla dalili hazijajitokeza. Kwa hiyo kumpumzisha nyumbani mtoto anayeumwa, ijapokuwa ni lazima, hakutoshi. Dirisha lililo wazi, hata kwa upana wa kiganja, lina manufaa makubwa, mradi watoto waruhusiwe kuvaa sweta lolote walilo nalo, bila masharti ya rangi.

Vibuyu chirizi, yaani madumu yaliyotundikwa ambayo humwaga maji ya kunawa mikono kijiti kinapokanyagwa, vilihimizwa sana wakati wa UVIKO-19, shule zilipofungwa Machi 2020 na kufunguliwa Juni 29. Lakini bila sabuni, na bila mtu wa kulijaza dumu kila asubuhi, havimkingi mtoto yeyote, na gharama hiyo ndogo yastahili kupangiwa fungu kabla kipupwe hakijaanza.