PIKAPU YETU KUTIWA EKSELI NZIMA MBELE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Frere Town)



Tumetakiwa kueleza habari za pikapu ya akiba yetu, maana fedha zilizotumika ni zenu na maneno yamekuwa mengi. Wengine wasema tumeigeuza trekta. Wengine wauliza kwa nini dereva hakutozwa. Tutajibu yote mawili, na hili la pili ndilo zito, kwa hivyo twaanza nalo.

Mwajua ilivyotokea. Pikapu ilitoka sokoni Kongowea usiku, ikashika njia ya Malindi, na karibu na Kengeleni gurudumu la mbele la kushoto likaingia shimoni. Motokaa ikalala mtaroni. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Asubuhi yake halmashauri ilikaa, na kabla jua halijawa kali tulikuwa tumekwisha kukata shauri kwamba dereva alikwenda mbio, naye atalipa kidogo kidogo kila mwezi. Twasema “tulikata” kwa sababu sisi tunaosema hapa tulikuwamo, na mikono yetu ilinyoshwa pamoja na mingine.

Siku ya tatu ndipo tulipolala chini ya motokaa na tochi. Sikio la fremu, yaani pande la chuma linaloshika mkono wa chini wa gurudumu, lilikuwa limeng'oka kabisa. Basi sisi wa karakana ya reli tumefundishwa kusoma chuma kilichokatika. Palipokatika jana hung'aa kama shilingi mpya. Palipopasuka zamani huwa pamekwisha kuingia kutu. Katika sikio lile zaidi ya nusu ilikuwa kutu tupu, na sehemu iliyong'aa haikuwa pana kuliko vidole viwili. Chuma kile kilikuwa kimepasuka siku nyingi, kikingoja shimo.

Nani alikipasua? Tumepakia samaki humo muda mrefu, maji ya barafu na chumvi yakichuruzika juu ya fremu, na mchanga wa pwani juu yake, wala hatukuiosha chini hata mara moja. Tena tulipofungua daftari la safari tukakuta dereva ameandika mara mbili, kwa mkono wake, kwamba motokaa yavuta kushoto. Jibu letu liliandikwa hapo chini: “Atie upepo gurudumu.”

Sisi ambao tungepiga kelele katika mkutano huu kama mkubwa wa kazi angemfanyia mwenzetu vile, tulimfanyia wenyewe. Watu watatu tulikwenda nyumbani kwake tukamtaka radhi mbele ya mkewe, na fedha ya mwezi wa kwanza aliyokuwa ameitoa tukamrudishia. Alituandalia chai, lakini hakusema neno mpaka tukaondoka.

Sasa habari ya ekseli. Pikapu yetu ni Hilux ya kuvuta magurudumu manne, na mbele ilikuwa na mikono, yaani kila gurudumu lasimama peke yake kwa mikono miwili iliyoshikwa na fremu, na uzito wachukuliwa na fito za chuma zinazojipinda. Mpango huo ni mzuri kwa lami, twakubali. Gurudumu moja likiruka jingine halina habari. Lakini mikono yote yategemea masikio ya fremu. Sikio likihama kidogo tu, gurudumu lasimama upande, na tairi laliwa kama sabuni. Letu moja lilikuwa limeng'oka, na la kulia tulipoligonga kwa nyundo halikutoa sauti ya chuma kizima.

Ekseli nzima ni chuma kimoja toka gurudumu hili hadi lile, imekaa juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa. Haina masikio ya mikono. Sisi wa reli haitushangazi, maana tangu njia ilipoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 behewa zimekwenda juu ya ekseli nzima, ila ya reli huzunguka pamoja na magurudumu yake, na ya motokaa hutulia. Wala si uzushi wa mafundi wa Kisauni. Land Rover ya kwanza ya mwaka 1948 ilikuwa nayo mbele na nyuma. Hilux yenyewe, ilipoanza kufanywa ya kuvuta magurudumu manne mwaka 1979, ilikuwa na ekseli nzima na springi bapa mbele. Mikono ilikuja baadaye. Na zile Land Cruiser za pikapu zinazoundwa hapa hapa Mombasa zingali na ekseli nzima mbele, ingawa tangu mwaka 1999 springi zake za mbele ni za kuzunguka.

Kwa hivyo tulitafuta ekseli ya Hilux ya zamani. Muuzaji wa kwanza alituapia kwamba zote ni sawa. Tukazungusha magurudumu yote mawili pamoja mara 10 na kuhesabu mizunguko ya shafti: 43. Ya nyuma katika pikapu yetu ni 41. Ndugu, ukifunga hizo mbili pamoja na kuingiza magurudumu manne, mbele na nyuma zitashindana hata gia zivunjike. Tuliiacha, akatutukana, tukaenda zetu. Ya pili ilihesabu 41, na difu yake ilikuwa upande ule ule inakotokea shafti ya mbele. Hiyo tukanunua.

Kabla ya kukata chochote tulipima fremu. Tuliiweka juu ya saruji iliyo sawa, tukateremsha timazi kutoka matundu ya fremu, tukatia alama za chaki, tukapima kutoka pembe hata pembe. Kama fremu ni sawa vipimo viwili hulingana. Vyetu vilitofautiana milimita 22. Hapo wengi walitaka tuendelee tu, kwa kuwa springi zingeficha. Tulikataa. Fremu ilivutwa kwa mnyororo na jeki kidogo kidogo, bila moto, maana moto hulegeza chuma cha fremu, na kazi hiyo ilikula jioni tisa. Ilipobaki milimita 3 tukaridhika. Kama ingekataa kunyoka tungeiuza kwa uzani wa chuma chakavu, na leo tungekuwa twawaeleza hasara.

Masikio ya zamani yaliondolewa kwa jiwe la kusaga. Mchomeleaji alikuwa mwenzetu wa reli. Alikausha fito zake za kuchomelea kwanza, akasugua rangi na kutu mpaka chuma cheupe, akafungua nyaya za betri. Mabamba ya kutia nguvu fremu aliyakata ncha zake kwa mshazari, kwa sababu mchomo unaokingama fremu wima huianzishia ufa mwingine.

Kosa letu moja twalitaja. Ufito wa kutoka kwenye gia ya usukani kwenda kwenye gurudumu tuliufunga umeinama mno. Mara ya kwanza kwenda Bamburi, kila tulipopanda tuta usukani ulijizungusha wenyewe mkononi mwa dereva. Ekseli ipandapo, ufito ulioinama husukuma gurudumu lipinde. Tulirudi mwendo wa miguu, tukabadili mkono wa usukani, ufito ukalala karibu sawa na ekseli. Tena tulitia kabari za chuma chini ya springi, ili vichwa vya kingipini vilale nyuma kidogo, na usukani sasa wajirudisha wenyewe baada ya kona. Mipira ya breki pia ilikuwa mifupi. Tulijua tulipoinua motokaa ekseli ikaning'inia na kupinda magurudumu mpaka mwisho huku na huku. Twawasihi mtu asisahau jambo hilo.

Je, ni bora kuliko kwanza? Kwa mzigo na kwa mashimo, ndiyo, na spea zapatikana. Kwa starehe, hapana. Yarukaruka ikiwa tupu, na mama mmoja aliyepanda mbele kwenda mazishini Mtwapa alisema afadhali punda. Mwendo wa kasi hatuiruhusu.

Haijaanza kazi ya kulipwa. Motokaa iliyobadilishwa namna hii lazima iarifiwe kwa wasajili, ikaguliwe, na mwenye bima aambiwe. Bila hivyo ajali ikitokea mzigo wote ni wetu. Karatasi zimepelekwa. Ufunguo anao dereva yule yule. Kila Jumamosi huosha fremu kwa maji baridi, kisha hulala chini yake na tochi pamoja na mjumbe mmoja wa halmashauri, kwa zamu, na wote wawili hutia sahihi daftarini. Jumamosi ijayo ni zamu ya Mwenyekiti.

Sikio lililovunjika liko hapa mezani. Lipitisheni mkono kwa mkono, kila mtu aione kutu mwenyewe.