Kidimbwi cha Bustani na Hatari ya Mbu



Kuna kazi ya mikono ambayo vijana wa shule, na hata watu wazima, hupenda kuifanya, nayo ni kutengeneza kidimbwi kidogo bustanini, chenye yungiyungi na samaki wawili watatu. Ni kazi nzuri wala haina gharama kubwa. Lakini mtu achimbaye kidimbwi bila kufikiri huwajengea mbu nyumba karibu na kitanda chake mwenyewe.

Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, aliviona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu wa namna ya anofelesi. Mbu jike hutaga mayai juu ya maji yaliyotulia, yai likawa kiluwiluwi, na mahali penye joto mbu kamili huruka kwa muda wa juma moja au mawili. Kiluwiluwi cha anofelesi hutambulikana upesi, maana hulala sambamba na uso wa maji, hali vile vya mbu wengi wengine huning'inia kichwa chini. Kwa sababu hiyo maji yasikae hata juma moja kidimbwini bila samaki au bila kumwagwa.

Shimo la urefu wa futi 3, upana futi 2, na kina cha futi 1 na nusu latosha. Litachukua maji kama madebe 12. Lisichimbwe chini ya mti, kwani majani yaangukayo huoza na kuwanyima samaki hewa. Ndani hutandikwa waya wa kuku, kisha husiriba kwa simenti fungu 1 na mchanga safi mafungu 3, unene wa inchi 2 au zaidi. Magunia yaliyoloweshwa hufunika kazi hiyo siku 7, isije ikapasuka kwa kukauka upesi.

Hapa ndipo wengi huharibu kwa haraka yao. Simenti mpya hutoa ukali kama wa chokaa, na samaki akitiwa mara moja hufa. Yapasa kujaza maji, kuyaacha siku chache, kuyamwaga, na kurudia hivyo mara tatu au nne. Maji ya bomba la mjini nayo, kama yametiwa klorini, huachwa wazi siku moja au mbili kabla ya kuletwa samaki.

Samaki wafaao ni vifaranga vya ngege, yaani tilapia, ambao katika udogo wao hula viluwiluwi vya mbu. Wakulima wengi huwajua, kwa kuwa kituo cha samaki cha Sagana kilianza kazi mwaka 1948. Vifaranga 3 au 4 watosha. Wakikua, waingie chunguni na wadogo washike zamu. Wasishibishwe ugali, kwani samaki aliyeshiba hatafuti mbu. Gambusia, samaki mdogo atokaye Marekani, asiletwe. Alipelekwa nchi nyingi ili ale mbu, na mahali pengi amewaangamiza samaki wenyeji na watoto wa vyura.

Kadhalika yungiyungi hupandwa katika chungu chenye udongo, kikazamishwa. Gugu maji lisiguswe, ijapokuwa ua lake lapendeza. Wavuvi wa Ziwa Victoria wamesumbuliwa nalo tangu miaka ya 1990.

Lipo jambo moja kubwa kupita mbu. Mtoto anayejifunza kutembea aweza kufa maji katika kina cha shubiri moja tu. Penye watoto wadogo, kidimbwi kifunikwe kwa wavu wa chuma uliokazwa pembeni kwa mawe mazito, au kizungushiwe ua wenye mlango ufungwao. Wavu huo pia humzuia mdiria, ndege ambaye huweza kuwamaliza samaki wote kwa asubuhi moja.

Wakati wa kiangazi maji hupungua kila siku. Huongezwa jioni, kidogo kidogo, ili samaki wasishtuliwe na baridi.