Mkaa wa Vifuu na Pumzi ya Askari



Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani liliachia gesi ya klorini ichukuliwe na upepo. Waliopatwa kwanza walikuwa askari wa Ufaransa, wakiwemo Waafrika kutoka Algeria. Hawakuwa na kinga. Katika vita hiyo hiyo, pumzi ya askari ilikuja kutegemea kitu kinachojulikana katika kila jiko: mkaa.

Lakini mkaa hutofautiana. Ule wa kinyago cha gesi huchomwa pasipo hewa, kisha hupitishiwa mvuke wa nyuzi za sentigredi 800 hadi 1,000, ukafunguka matundu yasiyoonekana kwa macho. Gramu moja yaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000. Humo ndimo sumu hunaswa.

Hapo ndipo mali ghafi inapotoa hukumu. Mti laini hutoa mkaa wenye matundu mapana, unaofaa kuondoa rangi katika vimiminika viwandani, lakini hupondeka upesi. Kifuu cha nazi ni kigumu. Mkaa wake una matundu membamba yanayolingana na chembe za gesi, wala haugeuki vumbi kwa urahisi askari anapokimbia. Ndiyo maana mwaka 1918 Marekani iliwahimiza raia wake kukusanya vifuu, maganda ya jozi na kokwa za pichi kwa ajili ya vinyago. Moto wa kiwandani huongeza matundu. Hauwezi kuugeuza mti laini kuwa kifuu.

Pwani yetu, na ya jirani zetu Kenya na Msumbiji, ina minazi. Vifuu vingi huishia jikoni au jalalani, ilhali Sri Lanka, India na Ufilipino huvigeuza kuwa mkaa huo na kuuuza duniani. Hili ni jambo la kutafakariwa na nchi jirani kwa pamoja.

Hata hivyo, mkaa huo hauzuii kaboni monoksaidi, wala kinyago hakileti hewa mahali isipokuwepo. Na ukiachwa wazi hunywa unyevu, ukapungua nguvu. Basi, anayenunua na aulize mkaa umetokana na nini. Anayekabidhiwa na autunze kama anavyoitunza silaha yake.