Tusizifunge Picha Zikiwa Mbichi

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo tumekuja na jambo linaloonekana dogo, lakini limewaumiza wengi. Mama mmoja katika kikundi tunachotembelea alifiwa na mumewe. Picha ya marehemu ilichapishwa asubuhi kwa printa ya wino, mchana ikatiwa kwenye fremu, na kesho yake ikabebwa mbele ya jeneza. Baada ya miezi miwili uso ulikuwa umefunikwa na ukungu mweupe ndani ya kioo. Majirani wakaanza kunong'ona eti marehemu amekasirika. Mama wa watu akaigeuza picha ikaangalia ukuta.

Tulipoifungua pamoja naye, tulikuta picha ni nzima kabisa. Utando ulikuwa kwenye kioo tu.

Je, utando huo hutoka wapi? Wino wa printa una maji pamoja na vitu vingine vya majimaji vinavyokauka polepole, ili wino usigande ndani ya mashine. Ukiigusa picha utasema imekauka, kumbe ndani bado ni mbichi. Ni kama mahindi tunayoyafunga kwa gunia kabla hayajakauka vizuri. Tena karatasi nyingi zinazong'aa zina plastiki, kwa hivyo mvuke haupiti nyuma. Hutokea mbele, hukutana na kioo, na kushika hapo hapo.

Basi tufanye hivi:

1. Picha ikitoka kwa printa, iacheni wazi kama dakika 15.

2. Ifunikeni kwa karatasi nyeupe ya kawaida, isiyoandikwa kitu, kwa masaa 24. Mkikuta karatasi hiyo imejikunja, jueni imenyonya majimaji. Wekeni nyingine kwa masaa 24 tena. Rudieni mpaka karatasi ibaki imenyooka.

3. Osheni kioo kwa maji na sabuni, kisha kikaushwe kabisa, hata pembeni.

4. Picha isiguse kioo. Kateni kadibodi safi, nyeupe, iizunguke picha pande zote nne ili pawe na nafasi.

5. Msiitundike kwenye ukuta wenye unyevu wala mahali pa jua kali.

Mtatuuliza, "Na kama mazishi ni kesho?" Ibebeni kwa fremu bila kioo. Mkitoka makaburini, itoeni, ikaushwe kwa utaratibu tuliosema, ndipo kioo kirudishwe.

Kwa picha iliyokwisha kuingia ukungu, fungueni fremu na kuosha kioo peke yake. Picha yenyewe msiipanguze kwa maji. Ikiwa imeshikana na kioo, tafadhali msiivute, itachanika. Ipigeni picha nyingine kwa simu ikiwa hapo hapo kwenye kioo, ili angalau mbaki na nakala.

Na nyinyi vikundi mnaotengeneza fremu za kuuza, mwambieni mteja ukweli: kazi nzuri inataka siku mbili au tatu. Atanung'unika kidogo, lakini hatarudi na malalamiko.

Yule mama tulimkaushia picha, tukaosha kioo, tukairudisha. Sasa inaangalia mlango, na kila anayeingia anamwona mzee vizuri. Manong'ono yamekwisha.