Vijibwa Chini ya Meza

Twawasalimu kutoka Wabera, hapa mjini Isiolo, ninyi mlioko nyumbani, na ninyi mlioko dukani, na wachungaji wa mifugo wenye redio ndogo huko malishoni.

Leo tutazungumza habari za watoto wa mbwa. Tunajua ya kwamba huenda bibi mmoja amekwisha kunyoosha mkono apunguze sauti kwa sababu ya wajukuu, maana kwetu maneno hayo ni tusi, na tena tusi zito. Tuvumilie, mama. Tusi ni la yule atukanaye. Mnyama mwenyewe hakumkosea mtu.

Somo letu limo katika Injili ya Mathayo, mlango wa 15, kuanzia aya ya 21 hata ya 28. Ni habari za yule mama Mkanaani aliyemfuata Bwana Yesu akimlilia binti yake mgonjwa, akajibiwa neno gumu juu ya chakula cha watoto na mbwa. Wahubiri wengi huipita aya hiyo mbio, kama mtu apitaye kwenye miiba. Lakini ukitazama Kiyunani utaona jambo. Neno lililoandikwa pale si lile la mbwa wazururao njiani, kama wale waliomla Yezebeli, au wale waliovilamba vidonda vya Lazaro mlangoni pa tajiri. Ni neno la udogo: vijibwa, mbwa wa mle mle nyumbani, walalao kati ya miguu ya watoto wakati wa chakula. Mama yule alikuwa mwerevu, akalishika neno hilo hapo hapo. Kijibwa kikiwa chini ya meza, ni kwa sababu watu wa nyumba wamekiruhusu kiingie. Na wakisha kukiruhusu, kina haki yake, hata kama ni makombo. Na Bwana Yesu hakumbishia. Alimsifu imani yake, na binti akapona.

Basi mwaka huu katika ua wetu mbwa wa mlinzi alizaa watoto sita, nyuma ya stoo ya kuni. Tumewalea, na katika kuwalea tumefikiri mengi juu ya meza hiyo.

Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka baada ya majuma kama mawili, na masikio nyuma yake kidogo. Katika siku hizo za kwanza hawezi hata kujisaidia peke yake: mama yake humlamba tumboni na chini ya mkia, ndipo mkojo utoke. Wala hawezi kujipasha joto, na upepo wetu wa Isiolo mnaujua, jinsi unavyovuma usiku kucha na kuingiza vumbi hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza haikuwa kwa watoto bali kwa mama yao: ale vizuri, anywe maji mengi, apate magunia makavu mahali pasipo upepo, na wageni wasije kila saa kumtazama.

Juma la nne tukaleta uji mwepesi wa unga wa mahindi na maziwa kidogo. Hapo ndipo watu hudanganyika. Kitumbo kikijaa kama ngoma, husema, "Huyu ameshiba." Mara nyingi ni minyoo, ambayo mtoto hupewa na mama yake tangu akiwa bado tumboni. Daktari wa mifugo hutoa dawa kuanzia juma la pili, na hurudiwa. Tena watoto wetu wanaocheza nao wanawe mikono kwa sabuni, maana minyoo hiyo haichagui sana.

Na kwa kuwa mji wetu ni mji wa nyama, twasema jambo hili kwa nguvu. Ukichinja mbuzi au kondoo, ukakuta mapafu au maini yenye malengelenge ya maji, usimtupie mbwa. Ndani yake mna mbegu za tegu mdogo sana. Akiwa ndani ya mbwa hamdhuru, lakini mayai yake yakimfikia mtu kwa njia ya mikono au maji, huota uvimbe ndani ya ini au mapafu, nao huongezeka kwa miaka hata tumbo la mtu mzima likawa kama la mja mzito. Ndugu zetu wa Turkana waliteswa na ugonjwa huu kuliko karibu watu wote wa dunia, na katika miaka ya 1980 AMREF ilianza kazi maalumu huko ya kuupiga vita, kwa upasuaji wa watu na kwa kuwatibu mbwa. Malengelenge hayo yachomeni moto, au yafukieni chini sana, mbwa asiweze kufukua.

Sasa tuje kwenye jambo lililotuletea maneno.

Katika wale sita, wanne walikuwa madume na wawili majike. Madume yalikuwa yamekwisha kuombwa yote kabla hata hayajafumbua macho. Majike hakuna aliyeyataka, na mmoja wao alikuwa mdogo kuliko wote, mwenye usaha machoni, asukumwaye na wenzake kila akikaribia ziwa. Mzee mmoja wa kanisa, mtu tunayemheshimu sana, akaja kwa upole akasema, "Mchungaji, hao wawili ni wa gunia. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Jike huleta madume ya mtaa mzima kubweka usiku, na kabla ya mwaka kwisha amezaa sita wengine. Utawaweka wapi?"

Wapendwa, tusimdharau mzee huyo. Hesabu yake ni ya kweli, na mwenye kudhani upendo hauhitaji hesabu hajafuga kitu. Lakini alikuwapo msichana wa shule ya Jumapili, wa darasa la nne, aliyeleta maziwa. Akauliza, "Ni kwa sababu ni wasichana?" Hakuna aliyemjibu upesi. Mzee alitazama chini, akatengeneza kofia yake.

Na tuseme ukweli juu ya gunia. Si wote hufa. Wengine huachwa jalalani wakiwa na majuma matano au sita, na mmoja au wawili huishi kwa mifupa ya machinjioni. Mtoto wa mbwa hujifunza kuwa yeye ni wa nani tangu juma la tatu hata kama la kumi na mbili hivi. Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichunguza mbwa kwa miaka mingi, na kitabu chao kilitoka mwaka 1965. Katika kazi hiyo ilionekana ya kwamba watoto waliofichwa wasimwone mtu mpaka juma la kumi na nne walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwazoeza baadaye kulikuwa kugumu mno. Basi yule tuliyemtupa hukua bila mkono wa mtu, bila chanjo, kisha akimwuma mtoto wa jirani twauliza mbwa huyu mkali ametoka wapi.

Tena, msituambie mtoto dhaifu hana kazi. Huko Alaska, nchi ya theluji, mbwa huvuta magari yasiyo na magurudumu, yatelezayo juu ya barafu. Alizaliwa mmoja mwaka 1913, aitwaye Togo, mdogo na mgonjwa. Bwana wake, Leonhard Seppala, alimwona hafai, akampa mtu amfuge nyumbani. Kijibwa kile kiliruka kupitia kioo cha dirisha kikarudi mbio kwa bwana wake. Alipofikia miezi minane hivi akafungwa kamba pamoja na wengine, na siku ile ile akasogezwa mpaka mbele. Mwaka 1925 ugonjwa wa dondakoo uliwashika watoto wa mji wa Nome, na dawa ilikuwa mbali, njia ya kilomita zaidi ya 1,000. Waendeshaji ishirini walipokezana, kwa mbwa kama 150, wakafika kwa siku tano na nusu. Kipande kirefu na cha hatari kuliko vyote, juu ya bahari iliyoganda, aliyeongoza ni Togo, naye alikuwa mzee wa miaka kumi na miwili.

Sisi hatuna theluji. Tuna fisi. Mama mmoja mjane, anayekaa nje kidogo ya mji na mbuzi wake kumi na mmoja, alikuwa amepoteza vitoto vitatu vya mbuzi kwa mwezi mmoja. Akayachukua majike yote mawili. Hakuuliza ni dume au jike; aliuliza kama mama yao hubweka. Tulimpa yakiwa na majuma manane, yakalazwa kando ya kizizi cha vitoto vya mbuzi, wasikie harufu yao na mlio wao kila siku. Jambo hili si geni. Charles Darwin, alipopita Amerika ya Kusini katika miaka ya 1830, aliona wafugaji wakiwalea watoto wa mbwa zizini pamoja na kondoo, hata kuwanyonyesha kwa kondoo, ili wakikua walihesabu kundi kuwa jamaa yao. Na hapa jirani, Laikipia, uchunguzi uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha ya kwamba boma lenye miiba minene, watu macho, na mbwa wa kubweka hupoteza mifugo michache. Kama majike ya mama yule yatakuwa walinzi wazuri hatujui bado. Yana miezi minne. Mmoja hubweka akiona kivuli chake mwenyewe. Habari ya kuzaa nayo haikusahauliwa: wale waliopewa madume walichanga fedha, na wakifikia umri daktari wa mifugo atawafunga uzazi. Mzee wetu ndiye aliyetoa mchango wa kwanza.

Liko neno la majirani pia. Wengi wa majirani zetu hapa Wabera ni Waislamu, Waborana na Wasomali, nao katika madhehebu yao mate ya mbwa ni najisi. Chombo kilicholambwa huoshwa mara saba, na mara moja kwa udongo. Mkristo anayemwacha mbwa wake aende kugusa kanzu ya mtu aliyekwisha kutawadha na anakwenda msikitini, kisha akacheka, hamshuhudii Kristo. Mbwa wetu hufungwa mchana, na lango hutazamwa hasa siku ya Ijumaa. Tulipokwenda kumweleza hayo jirani mmoja mzee, alitukaribisha chai, akatuambia kuwa katika Kurani, sura ya 18, yumo mbwa aliyelala na kunyosha miguu mlangoni pa pango, pamoja na vijana waliomkimbilia Mungu. Nasi tukamwambia juu ya kitabu cha Tobiti, jinsi kijana Tobia alivyosafiri na malaika, na mbwa akafuata nyuma. Tulikaa muda mrefu kuliko tulivyopanga.

Mwisho ni kichaa cha mbwa, na hapa tusikilizane sana. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani, 99 kati ya 100, waliupata kwa mbwa, na wengi wao ni watoto. Dalili zikisha kuanza, hospitali haina la kufanya isipokuwa kumpunguzia mtu maumivu. Lakini kabla ya hapo upo msaada. Mtoto akiumwa, au akikwaruzwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo mkaanze sindano za chanjo, na mzimalize zote. Msipake pilipili, wala mafuta ya gari, wala msingoje kuona kama mbwa atakufa. Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo hivi kufikia mwaka 2030, na mpango huo unasimama juu ya mbwa: wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia. Siku ya chanjo ikitangazwa, waleteni wote, na vijibwa pia, mkononi au ndani ya kikapu. Mkabidhini mtu mzima kamba, si mtoto. Chukueni cheti mkitunze pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, uliyesikia kilio cha mama Mkanaani kwa ajili ya binti yake, wasikie leo akina mama waliokaa kando ya vitanda vya watoto walioumwa na mbwa. Uwape wauguzi wetu dawa za kutosha katika zahanati zao. Umlinde mama mjane na mbuzi wake usiku huu, na hao wawili walalao kando ya zizi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.