Seli Huulizwa Moja Moja



Uprofesa wangu ulianzia kwenye foleni ya kliniki. Katikati ya miaka ya 2000 nilikuwa fundi wa maabara wilayani, na kila asubuhi wagonjwa waliniuliza swali lile lile: "CD4 zangu ngapi?" CD4 ni alama iliyo juu ya aina mojawapo ya seli nyeupe za damu, zile zinazoziamsha nyingine zipigane na maradhi. Virusi vya UKIMWI huzishambulia hizo hasa. Wakati ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliweka mpaka wa kuanza dawa kwenye seli 200 kwa kila mikrolita ya damu, kwa mtu ambaye hajaanza kuugua. Mwaka 2010 mpaka ukapandishwa hadi 350, mwaka 2013 hadi 500, na mwaka 2015 ukaondolewa kabisa. Mimi niliwahi kuandika 230 kwa mkono wangu, na mwenye karatasi akarudi kwao bila dawa.

Ndipo nikataka kujua namba ile inapatikanaje, na kama inaaminika.

Ukiziangalia kwa darubini ya kawaida, seli ya CD4 na ile ya CD8, aina nyingine ya seli nyeupe, zinafanana kama punje mbili za mtama. Ukizihesabu pamoja, jumla inaweza kukuridhisha huku zile zinazohitajika zimekwisha. Lazima kila seli iulizwe peke yake.

Mashine ya kutenganisha seli, inayoziuliza hivyo moja moja, ilitengenezwa na Mack Fulwyler huko Los Alamos, Marekani, na kutangazwa mwaka 1965. Kulikuwa na mabishano: vipimo vilionyesha kwamba seli nyekundu za damu ni za saizi mbili. Fulwyler aliazima mbinu ya Richard Sweet wa Stanford, ya kuandika kwa matone ya wino yaliyotiwa chaji ya umeme. Akazitenga seli "kubwa" peke yake, kisha akazipima upya. Zikatoka tena kubwa na ndogo! Kumbe tofauti ilitokana na namna seli ilivyolala ilipokuwa ikipita kwenye tundu la kipimo. Hakuna mwanafunzi anayegusa kitufe maabarani kwangu kabla ya kukisikia kisa hiki.

Kule Stanford, Leonard Herzenberg alikuwa amechoka kuhesabu seli zinazong'aa kwa macho yake. Mwaka 1969 yeye na wenzake walitangaza mashine inayotenganisha seli kwa mng'ao wa rangi, na mwaka 1972 wakaeleza ile inayotumia leza. Mkewe, Leonore, alifanya naye kazi maisha yao yote, akawa profesa ingawa hakuwa na shahada ya kwanza. Nawaambia hili mabinti mlioko ukumbini.

Sasa njooni karibu na mashine. Seli zimeshapakwa kingamwili zenye rangi. Zinasukumwa ndani ya maji ya chumvi na kupita mbele ya leza moja moja, kama ng'ombe wanaoingia kwenye josho. Mkondo unatoka kwenye tundu lenye upana wa unywele, na mtetemo unaukata kuwa matone, makumi ya maelfu kwa sekunde. Tone lililobeba seli unayoitaka hutiwa chaji. Sahani mbili za umeme hulivuta pembeni, likaanguka kwenye tyubu yake. Mengine huenda kwenye taka. Kati ya leza na pale mkondo unapokatika pana muda mfupi sana, na lazima uupime mwenyewe. Ukikosea kwa tone moja, unakusanya maji.

Mimi nilikusanya maji. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu, nikitafuta seli za kinga zinazoikumbuka malaria, ambazo ni adimu mno, katika mililita 3 za damu ya mtoto aliyekuwa amepona. Umeme ulikatika, ukarudi, nikaiwasha mashine na kuendelea bila kupima upya. Saa nane usiku skrini ilisema nina seli 4,000. Nikaweka tone chini ya darubini. Hapakuwa na hata moja. Namba ya kwenye skrini ni ya seli ambazo mashine inaamini imezirusha.

Tangu usiku ule, maabarani kwangu tunarusha kwanza shanga za majaribio juu ya kioo na kuziangalia kwa macho, na kila umeme ukikatika tunaanza upya. Kisha seli kidogo kati ya zilizotengwa hurudishwa kwenye mashine zipimwe tena, kama alivyofanya Fulwyler.

Wiki ile nilirudi kijijini kumweleza mama wa mtoto. Alikuwa amembeba mgongoni.

"Kwa hiyo damu ya mwanangu haikuonyesha kitu?"

"Ilikuwa nacho, mama. Mimi ndiye nilikimwaga."

Alinyamaza, kisha akauliza kama mtoto atachomwa tena sindano. Nikamwambia hapana.