Fimbo moja haijapatikana



Kuna wenye walituuliza: bino vijana, batu wanachinjwa ku vijiji, Ituri iko chini ya uongozi wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na bino munakuja kusema mambo ya nyuklia ya Kinshasa? Ndiyo, tunayasema. Ugonjwa ni mumoja.

Mu 1940 mukubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alituma New York zaidi ya tani 1,000 za mawe ya uraniumu kutoka Shinkolobwe, Katanga. Bomu yenye iliangukia Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, sehemu kubwa ya uraniumu yake ilitoka pale. Kisha mu 1959 Wabelgiji wakawasha kinu cha kwanza cha nyuklia mu Afrika yote, TRICO I, ku chuo kikuu cha Lovanium, chenye leo tunaita UNIKIN. Mu 1972 ikafuata TRICO II, ile iliyosimama mu 2004. Ni vinu vya uchunguzi na masomo. Kongo haina bomu ya atomiki, mutu asiwadanganye.

Lakini fimbo mbili za mafuta ya nyuklia zilipotea mule. Mu 1998 polisi wa Italia walijifanya wanunuzi, wakakamata moja mikononi mwa mafia. Kitu cha kampasi ya Kinshasa, ku mafia wa Italia! Ile ya pili haijapatikana. Fimbo moja haitoshi kutengeneza bomu kama ya Hiroshima, lakini mutu akiipasua na kuifunga pamoja na baruti ya kawaida, anaweza kuchafua soko nzima.

Munafikiri kisha ile walifunga milango? Mu 2006 ubalozi wa Marekani uliandika ripoti ya siri, ikatoka baadaye ku WikiLeaks. Ua ulikuwa na matundu, sehemu zingine hakuna ua kabisa. Usiku hakuna taa, kamera hakuna. Wanafunzi walipita mule kukata njia, na karibu na nyumba ya takataka za nyuklia batu walilima mihogo. Sombe ya pale, nani alikula? Hatucheki mulimaji, alikuwa na njaa. Tunauliza mwenye alipewa ufunguo.

Leta yetu inapenda kufunga vitu ku karatasi. Mwanzoni mwa 2004 rais alisaini amri ya kufunga Shinkolobwe. Mu Julai mwaka ule ule mugodi ukaanguka, ukaua wachimbaji wenye walikuwa ndani. Amri ilikuwa imefungwa vizuri mu dosie, mashimo yalibaki wazi.

Sasa njo tunafika Bunia. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba makundi yenye silaha mashariki yanapata risasi kutoka stoki za jeshi lenyewe. Mulinzi mwenye mushahara wake umechelewa, na hakuna mutu anakuja kuhesabu vitu vyenye analinda, siku moja atauza. Iwe risasi, iwe fimbo. Sisi tuko na lisanse mu mifuko na kazi hakuna. Kati yetu kuna wenye wanajua kutengeneza orodha, kuhesabu, kuandika ripoti. Inaonekana hiyo njo kazi yenye Leta haitaki.

Katiba, kifungu cha 138, inaruhusu mbunge kuuliza serikali swali la kuandika. Tunawaomba wabunge wa Ituri waulize matatu: fimbo ngapi ziko pale leo, na nani wa mwisho alizihesabu? Walinzi wa kinu wanalipwa lini? Na stoki za risasi hapa Ituri, nani anazikagua mwenye si yule yule anayezilinda?

Barua iko pale mezani. Andika jina, komine na sahihi. Mwenye anaogopa kuweka namba ya simu, aache, hatulazimishi.